Kusuka ukili mbele ya simu: shajara ya mradi wa video fupi, Makunduchi, Zanzibar

Mradi wenyewe ni mdogo. Tunarekodi kazi ya ukili, yaani utepe mrefu unaosukwa kwa ukindu, majani ya mkindu, kisha ukashonwa kuwa mkeka. Tunaanzia kuti changa la mkindu, mti wa jamii ya mtende, hadi mkeka uliokwisha kushonwa, kwa video zisizozidi dakika moja, ili mtu aliyezoea kuuona mkeka ukiwa umekunjwa dukani apate kujua ulivyofika pale. Nayaandika haya kila hatua inapokamilika kwa ajili ya wale wanaotaka kufanya kama hivi kwa ufinyanzi, uchongaji au kazi nyingine ya mikono huko waliko. Yaliyokwenda sawa nimeyafupisha, kwa kuwa hayana mengi ya kumfunza mtu, na makosa nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu ndiyo yaliyokula muda na fedha.

3 Februari 2024: vifaa na ruhusa

Fundi wetu ni bibi yangu mdogo, yaani mdogo wake bibi mzaa mama, ambaye amekuwa akisuka tangu kabla hajaolewa. Jina lake halimo humu kwa matakwa yake. Simu ninayo ya kawaida tu. Nilinunua stendi ya simu kwa shilingi 30,000, maiki ya kubana kwenye nguo kwa 40,000 na memori kadi kwa 25,000, jumla 95,000.

Kabla ya kutoa simu nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa serikali wa eneo letu, kumweleza ninachokusudia, kwani mtu anayeonekana akipiga picha uani kwa watu bila ya taarifa huzuliwa mengi. Bibi naye alitoa masharti matatu: uso wake usionekane, video asizozitaka zisirushwe, na siku za kurekodi alipwe, kwa sababu kusuka huku akisimamishwa kila mara kunamchelewesha. Tulikubaliana shilingi 10,000 kwa kila kikao. Ninayemwandikia haya namshauri asiuache mlango huu wa malipo uelee hewani hata kama fundi ni mama yake mzazi.

18 Februari: video ya kwanza, na kwa nini ilishindwa

Nilianza mwisho badala ya mwanzo. Nilitandika mkeka mpya barazani, nikapitisha simu juu yake taratibu ili rangi zionekane, nikaweka muziki unaopendwa wakati huu, nikamaliza kwa kuandika bei yake, shilingi 70,000. Sekunde 25. Ilitazamwa kuliko video yoyote niliyowahi kurusha maishani, na kwa siku mbili nilijiona fundi.

Kisha nikayasoma maoni. Karibu yote yalikuwa ya aina mbili: wanaouliza unapatikana wapi, na wanaoshangaa vipi mkeka ugharimu elfu sabini wakati wa plastiki unauzwa chini ya hapo tena unaoshwa kwa sabuni. Hakuna hata mmoja aliyeuliza unasukwaje. Sikuwalaumu, kwa kuwa nilichowaonyesha kilikuwa bidhaa na bei, nao wakajibu kama watu walioonyeshwa bidhaa na bei. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 kuhusu urithi wa utamaduni usioshikika umezitaja kazi za mikono miongoni mwa maeneo yake, lakini uzito wake uko kwenye ujuzi na maarifa ya fundi zaidi kuliko kwenye vitu anavyotengeneza. Nililijua hilo kabla ya kuanza, na bado simu ilipokuwa mkononi niliielekeza kwenye mkeka na kumwacha msusi.

Muziki nao ulikuwa kosa. Siku ya tatu mtandao uliinyamazisha video kwa sababu za hakimiliki, na tangu hapo haikuwa na sauti ya aina yoyote. Kuanzia video ya pili sijatumia wimbo wowote. Ukindu una sauti yake: unapochanwa hutoa mlio mwembamba kama wa kitambaa kipya kinachopasuliwa, na maiki ile ya 40,000 inaunasa vizuri ikibanwa kwenye ukingo wa kanga ya bibi karibu na mkono.

2 Machi: mikono iliyogeuka

Hapa ndipo tulipopoteza muda mwingi kuliko mahali pengine, nami nitaeleza kila kitu.

Bibi husuka akiwa amekaa kitako juu ya jamvi, miguu ameinyoosha, chane za ukindu, yaani vipande vyembamba vya jani vilivyochanwa, zilizoloweshwa ziko ubavuni ndani ya kitambaa kibichi zisikauke zikakatika, na ukili uliokwisha kusukwa umezungushwa bunda karibu na goti lake. Nilikaa mbele yake, heshima ikitaka nisimkaribie mno, nikarekodi mikono tu. Picha ilikuwa safi, nikairusha nikiwa na hakika kwamba safari hii mtu anaweza kufuata.

Mtazamaji mmoja wa Tanga alifuata kweli. Alichana majani ya mnazi, akajaribu, kisha akanitumia picha ya alichokipata: kitu kilichojisokota kama kamba badala ya kulala bapa. Aliniandikia kwamba kila anapopeleka uchane alikouona ukipelekwa, mikono yake inagongana. Nilimjibu kwamba aendelee kujaribu, jibu ambalo leo ninalionea haya, kwa kuwa kosa halikuwa lake. Kwa kuwa nilirekodi kutoka mbele, mkono wa kulia wa bibi ulikuwa kushoto mwa skrini, na kazi ambayo kwake inakwenda mbele, kwa mtazamaji ilikuwa inamjia.

Dawa ya kwanza niliyoitumia ilikuwa rahisi, nayo ndiyo iliyoharibu zaidi. Niligeuza picha kwenye programu ya kuhariri ili kulia kuwe kulia. Nilipompelekea bibi aitazame, aliishika simu mbali kidogo na macho, akatazama mpaka mwisho, akaniambia, "Mwanangu, huyu si mimi. Huyu ni mtu wa shoto." Alikuwa sahihi. Mikono ilikaa upande wa mtazamaji, lakini ule mstari mwekundu ambao yeye huuweka ukingo mmoja ulihamia ukingo wa pili, na kazi bado ilikuwa inamjia mtazamaji. Nilikuwa nimetibu nusu ya ugonjwa na kuzua mwingine.

Suluhisho halisi lilipatikana nilipoacha kuhangaika na programu nikahamisha simu. Tulifunga ufito kwenye nguzo ya baraza, tukaweka kishikio cha simu cha shilingi 8,000 kwenye ncha yake, na simu ikawa inatazama chini kutoka juu ya bega la kulia la bibi, yaani karibu na macho yake mwenyewe yanapotazamia. Asubuhi haikufaa kwa sababu kivuli cha ufito kilikatiza juu ya vidole, hivyo tukahamia baada ya sala ya alasiri. Kuanzia hapo yeyote anayetazama huwa kana kwamba amekaa nyuma ya bibi, mahali ambapo watoto wa kike walikuwa wakikaa walipofundishwa. Mtazamaji wa Tanga nilimwomba radhi na kumtumia video mpya kabla ya mtu mwingine yeyote, na ukili wake wa pili ulilala.

Somo dogo la pembeni: katika video ile mbovu niliongeza kasi mara mbili ili ikae ndani ya sekunde 40. Bibi aliuliza mbona mikono yake inakwenda kama ya mtu anayekimbizwa na nyuki. Sijaongeza kasi tena.

9 Machi: video tuliyoifuta

Video ya kuchana ukindu ilikuwa nzuri kuliko zote, na ilikaa hewani saa tatu tu. Nyuma kabisa, kwenye kona ya picha, jirani alipita uani akiwa katika mavazi ya nyumbani, hana mtandio. Mimi sikumwona wakati wa kurekodi wala wa kuhariri, kwa kuwa macho yangu yote yalikuwa kwenye vidole. Mjukuu wake alimwona mara moja. Niliifuta, nikaenda kwa miguu yangu kumwomba msamaha, naye akasamehe. Hata hivyo kulikuwa na watu waliokwisha kuipakua, na hilo sina namna ya kulirudisha.

Sasa kabla ya kurekodi tunatundika shuka nyuma, na kila video huitazama mara mbili: mara ya kwanza natazama kazi, na mara ya pili nafunika kazi kwa kiganja natazama kila kilichobaki kwenye picha.

Machi na Aprili: Ramadhani, kisha ukungu

Mwezi wa Ramadhani tulipunguza vikao vikawa kimoja kwa wiki, na Idi ilipokwisha masika yalikuwa yamekolea. Ukindu ukishakatwa huanikwa juani mpaka kijani kitoke na weupe ukae, nasi hatukupata jua la kutosha. Kosa ni langu: niliona siku zinapotea, nikamshawishi bibi auingize ndani fungu ambalo halijakauka sawasawa ili tuendelee na hatua inayofuata. Baada ya siku nne lilikuwa na madoa ya ukungu wa kijivu na harufu ya kabati lililofungwa mwaka mzima. Lilitupwa, hasara ya shilingi 12,000.

Bibi hakusema neno, ila alichukua jani moja lililoharibika, akalikunja mara mbili, likavunjika badala ya kupinda, akaniwekea kwenye kiganja. Nililirekodi. Video ile ya sekunde 18, jani bovu likivunjika na jani zima likipinda kando yake, ndiyo iliyozaa maswali ya maana kwa mara ya kwanza: linaanikwa siku ngapi, kwa nini likatwe kabla halijachanua, ile miba ya chini ya kuti inaondolewaje. Ninalirudia hili kwa yeyote anayepanga kazi kama yangu: kilichoharibika kisitupwe kabla hakijapigwa picha.

14 Mei: intaneti, na maandishi ya skrini

Tangu tarehe 12 mwezi huu, zilipokatika nyaya mbili za baharini zinazoleta intaneti Afrika Mashariki, kurusha video kumekuwa kama kukamua jiwe. Nilizitumia siku hizi kurekebisha maandishi ya skrini, ambayo nilikuwa nimeyaachia programu iyaandike yenyewe kwa kusikiliza sauti ya bibi.

Kazi ya programu ile sikuitazama kwa makini mwanzoni, na adhabu yake niliipata. Kila bibi aliposema "ukili," yenyewe iliandika "akili," hata tukawa na video inayofunza watu kusuka akili. "Miyaa," yale majani magumu zaidi ya mkoche yanayosukiwa vitu vya kazi nzito, yaligeuka "mia." Na mkindu, mti ambao mradi wote umesimama juu yake, uligeuzwa tusi ambalo siwezi kuliandika hapa, nalo lilikaa katikati ya skrini kwa herufi kubwa za manjano. Sasa naandika kila neno kwa mkono. Isitoshe, bibi akizungumza na mwenziwe huteleza kwenye Kikae, lahaja ya huku, nami huyaacha maneno yake kama yalivyo kwenye sauti na kuweka Kiswahili sanifu kwenye maandishi, badala ya kumtaka abadilishe ulimi wake kwa ajili ya simu.

15 Juni: rangi iliyochuja

Hatua ya rangi inachukua mchana mzima: maji yanachemshwa katika sufuria kuukuu juu ya mafiga, rangi ya unga inatiwa pamoja na chumvi kidogo, ukindu unatumbukizwa na kugeuzwa kwa kijiti, unatolewa, unatazamwa, na usipokolea hurudishwa. Baada ya hapo husuuzwa mpaka maji yatoke safi, kisha huanikwa kivulini. Rangi mbili, nyekundu na zambarau, zilitugharimu 6,000.

Katika kuhariri nilikata sehemu ya kusuuza. Ilionekana kama kurudia kitu kilekile, nami nilikuwa nahitaji sekunde zile kwa ajili ya mvuke unavyopanda, ambao ni picha ya kupendeza. Wiki mbili baadaye mama mmoja, aliyetazama video akapaka rangi ukindu wake, alituarifu kwamba msala, yaani mkeka wa kusalia, aliousuka ulimwachia madoa ya zambarau kwenye kanzu ya mumewe siku ya Ijumaa. Nilikuwa nimebakisha mvuke nikatupa kitu chenyewe.

Nimeirekodi upya. Sasa video ina sekunde nne za mvuke na sekunde 31 za kusuuza, maji ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka yanapotoka meupe. Inachosha kidogo kuitazama. Imekaa hivyo.

Julai

Hatukurekodi. Kijiji kilikuwa katika maandalizi ya Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi ya hapa Makunduchi, kisha katika Mwaka Kogwa wenyewe, kisha katika kupumzika.

24 Agosti: pima moja baada ya nyingine

Maoni kuhusu bei hayajawahi kunitoka kichwani, na mwezi huu nilijaribu kuyajibu bila ya kubishana na mtu. Mkeka tunaoutengeneza ni wa futi sita kwa nne, na ukili wake una upana wa vidole vinne, hivyo unahitaji pima 15 za ukili kabla ya kushonwa, pima moja ikiwa ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kipimo anachokitumia bibi. Niliamua kutoa video moja kwa kila pima: pahali palepale, simu juu ya bega, na mwishoni bibi anasimamisha kazi na kuunyoosha ukili kifuani kutoka ncha ya mkono mmoja hadi mwingine.

Video ya pima ya kwanza niliifanya tofauti. Nilifunga uzi mwekundu pale ukili ulipofikia, nikawasha simu, na bibi akasuka dakika moja kamili kwa mwendo wake wa kawaida, bila ya kukata, bila ya maneno. Dakika ilipokwisha nililaza kidole changu cha mwisho kati ya uzi na pale alipofika. Hakikuenea. Dakika nzima ya mikono isiyotulia ilikuwa imezaa ukili usiofika upana wa kidole kile.

Nimekuwa nikiandika saa kwenye daftari tangu mwanzo wa mkeka huu, na hesabu yake ni hii: kuchana, kupaka rangi na kukausha saa 9, kusuka pima 15 saa 52, kushona na kumaliza kingo saa 11, jumla saa 72. Vifaa vya mkeka vilifika 18,000. Ukiuzwa 70,000 zinabaki 52,000, yaani shilingi 722 kwa saa. Hesabu hiyo niliiandika kwenye skrini wakati bibi anashona pindo la mwisho, sikuongeza neno. Kama ningetaka kumwonyesha mtu kazi yote kwa video za dakika moja bila ya kuruka kitu, ningehitaji video 4,320.

Mfululizo huu umetazamwa na watu wachache mno kuliko ile video ya kwanza ya sekunde 25, na sitaficha kwamba jambo hili liliniuma. Lakini waliobaki hadi pima ya kumi na tano ni watu wa namna nyingine. Wanahesabu. Mmoja aligundua kabla yangu kwamba pima ya tisa ilikuwa fupi, nilipomuuliza bibi akakiri kwamba siku ile bega lilimuuma na mkono haukunyooka.

30 Septemba: kupima kilichoeleweka, na hesabu ya fedha

Idadi ya waliotazama hainiambii nani ameelewa. Nilijaribu kipimo changu mwenyewe. Nilichukua wasichana watano wa hapa kijijini, watatu waliofuata video zote na wawili waliotazama ile ya mkeka uliotandikwa peke yake, nikawawekea mbele kuti la mkindu, mafungu ya chane na mkeka, nikawaambia wanisimulie. Wale wawili walisimulia rangi. Wale watatu waliliinua kuti, wakalikunja kwanza kuona kama litavunjika. Ni kundi dogo na wote wamezaliwa penye mikeka, kwa hiyo sipigi mbiu. Hata hivyo, hakuna aliyewaambia walikunje.

Wawili kati ya hao watatu hukaa na bibi siku za Jumamosi. Kusuka wanasuka vibaya, kama kila aanzaye.

Matumizi yote hadi leo ni haya: vifaa 95,000, kishikio 8,000, bando za intaneti kwa miezi minane 120,000, nauli za daladala kutoka mjini, safari 22 kwenda na kurudi, 110,000, malipo ya bibi kwa vikao 14 shilingi 140,000, ukindu ulioharibika 12,000 na rangi 6,000. Jumla 491,000. Anayeishi karibu na fundi wake ataiondoa nauli katika hesabu hii. Malipo ya fundi asiyaondoe.

19 Oktoba: kinachofuata

Tangu tarehe 15 mwezi huu YouTube inaruhusu video fupi zifike dakika tatu, na wenzangu wamenishauri nirefushe. Nimejaribu moja. Bibi aliitazama, akasema dakika mbili za mwisho ni mimi niliyekuwa nimesahau kuzima simu. Tunabaki na dakika moja.

Baada ya ukili tutarekodi kamba za makumbi. Jana maji yalipokupwa tuliyafukia makumbi ya nazi ufukweni pamoja na mama watatu wanaosokota, tukayawekea mawe juu yasichukuliwe na bahari, na nikarekodi mawe. Yanakaa humo miezi kadhaa mpaka yalainike ndipo yatolewe na kupondwa, kwa hiyo ukurasa unaofuata utaandikwa mwakani.